Mlango Uliotangulia Nyumba

3 Februari

Bibi yangu mpenzi, shikamoo. Na babu mpe shikamoo yake, mpe kwa sauti ya juu.

Mimi mzima, watoto wazima. Mume wako mdogo ana wiki sita na ananyonya kama anayeshindana na mtu. Dada yake amefikisha miaka minne na ameanza kuniuliza kila asubuhi kama mtoto tutamrudisha lini. Nikichelewa kumaliza barua hii ujue ni hao wawili.

Naandika kwa sababu simu kwenu haina faida. Juzi nilipiga, babu akapokea, akanieleza goti lake dakika ishirini, akakata.

Bibi, nina shida. Nilikwenda manispaa kuchukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Karani akauliza, "Amezaliwa wapi?" Nikasema nyumbani. "Nyumbani wapi?" Nikasema kule nyuma ya kiwanda cha viberiti. Akaweka kalamu chini. "Mama, kiwanda kina jina. Nyuma haina jina." Nikamwambia tuko kaya mia tatu na kitu huko, tuna duka, tuna kisima, tuna mpaka fundi wa simu. Akasema kwenye daftari lake sisi ni pori. Na nafasi ile ya mahali pa kuzaliwa haiachwi wazi. Nisipoijaza ndani ya siku tisini tangu mtoto azaliwe, itabidi niende mahakamani kuapa kwamba mtoto nilimzaa na sikumwokota.

Siku ya tisini ni tarehe 20 Machi.

Sasa tumeunda kamati ya kuomba jina. Mwenyekiti ni yule mwalimu mstaafu jirani yako, anayevaa tai hata akienda kuchota maji. Mimi ni katibu, maana walisema nina mwandiko unaosomeka. Fomu inataka jina, na inataka historia fupi ya eneo, iliyoandikwa na kusainiwa na mkazi wa kwanza. Kila mtu akanitazama mimi. Wote wanajua wa kwanza kukaa huku ni wewe na babu, na mimi ndiye niliyeachiwa nyumba yenu mlipohamia kwa mjomba.

Basi bibi, niandikie. Mlikujaje? Palikuwaje? Nani alitangulia? Usiniandikie kurasa nyingi. Kiasi cha kumtosha karani.

Mjukuu wako,
Mama Wawili

*

10 Februari

Mke mwenzangu, marahaba.

Nimefurahi kusikia mume wangu mdogo ananyonya. Mwambie asinisahau, huyu mkubwa ameanza kuchakaa.

Historia ni fupi. Babu yako ndiye aliyefungua pori. Alikuja peke yake na panga, akafyeka siku nne bila kupumzika. Siku ya tano akakutana na chui. Chui akamtazama, babu yako akamtazama, chui akaondoka. Kisha akajenga nyumba, akaja kunichukua mjini kwa heshima zote. Mimi nilikuta kila kitu tayari. Andika hivyo, na huo mji uitwe kwa jina la babu yako.

Je, ule mlango wangu wa mbele unaupaka mafuta? Ni mbao nzito, inataka mafuta kila baada ya miezi sita, la sivyo inapasuka. Mumeo asije akautoa akaweka wa chuma kama walivyofanya majirani. Nilikwambia siku ninakukabidhi funguo: nyumba fanya unavyotaka, mlango usiuguse.

Bibi yako

Nyongeza: Mke wangu mdogo, ni mimi babu yako. Nimesoma hapo juu. Bibi yako amesahau, chui walikuwa wawili.

*

17 Februari

Bibi, shikamoo.

Mkutano umefanyika juzi kwenye kivuli cha ukuta wa kiwanda. Nikueleze, ingawa bado nina aibu.

Mwenyekiti alifungua kwa kuita mahudhurio kama darasani. Aliyechelewa akaambiwa asimame. Kisha akasema yeye ana jina tayari, nalo ni Upeo wa Maarifa. Mwenye Duka akauliza, "Maarifa yapi, mzee, na maji tunagombania?" Yeye anataka Neema Mpya, na kwa bahati duka lake linaitwa Neema. Wakarushiana maneno mpaka mtoto wangu akaanza kulia, ndiyo ikawa nafuu, maana nilipata sababu ya kusimama.

Nikasoma barua yako. Ilikwenda vizuri mpaka kwenye chui.

Unamkumbuka Mshona Viatu, anayekaa pale kona na kibanda chake tangu kiwanda kinajengwa? Alikuwa amekaa nyuma kabisa. Akasema, "Chui? Nyuma ya kiwanda cha viberiti? Kulikuwa na mbuzi wa mlinzi, mwenye madoa." Watu wakacheka. Nikaendelea kusoma, nikafika babu alipokuja kukuchukua kwa heshima zote. Bibi, yule mzee alicheka hadi akakohoa, akapigwa mgongoni. Akasema, "Sisi wa zamani pale tulipaita Mlangoni. Makondakta wote walipaita Mlangoni, mpaka barabara ilipohamishwa." Tukamwuliza kwa nini. Akasema, "Mwulizeni bibi yake huyo. Mimi sitaki kesi na babu yake, bado ana panga lile."

Mwenyekiti akafunga daftari. Historia yenye pingamizi haipelekwi manispaa, kwa hiyo ameahirisha.

Sasa bibi, Mlangoni ni nini? Mlango gani?

Zimebaki siku thelathini na moja.

Mama Wawili

Nyongeza: Hiyo michoro ya kalamu nyekundu ni ya kitukuu chako wa kwanza. Anasema ni chui. Mlango upo.

*

23 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba. Yule Mshona Viatu alikuwa na mdomo tangu ujana wake, na viatu vyangu vya harusi aliviharibu. Usimsikilize.

Umeandika "mlango upo". Nimekulea mimi. Nikikuuliza kama umekula ukajibu "chakula kipo", najua hujala. Upo wapi? Upo kwenye fremu? Unafungwa na kufunguliwa? Jibu kama mtu aliyesoma.

Bibi yako

*

28 Februari

Bibi yangu, shikamoo.

Kaa chini kwanza. Na babu akae.

Mlango uko uani, umeegemezwa ukutani, na bawaba zake mbili zimevunjika. Pale mbele nimetundika pazia. Ni wiki ya kumi sasa. Nilikuficha kwa sababu niliogopa, na kwa sababu nilidhani tutaurudisha kabla hujajua. Mume wangu kila Jumamosi anasema Jumamosi.

Ilikuwa hivi. Uchungu ulinianza asubuhi, tumemaliza chai. Nilijua nina muda. Sikuwa nao. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na gari haliwezi kuingia huku, lilisimama kule kwenye lami linapiga honi. Kutembea siwezi. Mume wangu akazunguka nyumba mara mbili anatafuta kitu cha kunibebea, mwisho akautazama mlango wako. Nikamwambia, "Usithubutu." Akasema, "Bibi yupo mbali." Yeye na Mwenye Duka wakaung'oa kwa nyundo, wakaweka godoro juu, wakaniweka mimi juu ya godoro.

Wabebaji walikuwa wanne: mume wangu, Mwenye Duka na wapita njia wawili. Mwenyekiti alitangulia mbele na tai yake, anaelekeza kama paredi: "Kushoto! Kushoto! Kulia, nimesema kulia!" Tukafika getini. Unakumbuka lile geti nililokuandikia kwamba mume wangu amelijenga kwa mikono yake na kwa hesabu zake mwenyewe? Bibi, geti ni jembamba kuliko mlango. Wakajaribu kuupitisha hivi, ukakwama. Wakajaribu vile, ukakwama. Mwenye Duka akasema, "Tuulaze ubavu." Mume wangu akasema, "Na mke wangu?" Mwenye Duka akasema, "Ashikilie."

Nikasema wekeni chini. Nilisema mara moja tu, na kwa sauti ambayo hata wewe ungeitii. Wakaweka chini. Mke wa Mwenyekiti alikuwa muuguzi zamani, akawafukuza wanaume wote wageuke watazame barabarani, wanawake wakashika khanga kuzunguka. Mtoto akazaliwa pale pale, juu ya mlango wako, nusu ndani ya geti, nusu nje. Mwenyekiti alizimia akiwa ametazama upande mwingine kabisa.

Kwa hiyo karani aliponiuliza amezaliwa wapi, nikasema nyumbani, lakini hata hilo si kweli sana.

Haya, mimi nimesema langu lote. Nisamehe kuhusu mlango. Lakini bibi, sasa na mimi nakuomba kama ulivyonifundisha kuomba, wazi wazi: acha kunificha. Nimefuatilia kwa Mshona Viatu mara mbili na viatu visivyohitaji kushonwa. Anacheka tu. Mwanangu ana miezi miwili na kitu na kwenye daftari la serikali hajazaliwa popote. Mimi siendi mahakamani kuapa kwa ajili ya chui wa babu.

Zimebaki siku ishirini.

Mjukuu wako anayekupenda na aliyechoka,
Mama Wawili

*

5 Machi

Mke mwenzangu,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nilicheka mpaka mjomba wako akaja kuniuliza kama niko sawa. Mara ya tatu nililia kidogo. Mara ya nne nilikuwa natafuta miwani, nikaisoma kwa bahati.

Babu yako amelala mchana, naandikia jikoni.

Miaka tisa tulipanga chumba kimoja mjini ambacho hakikuwa na mlango. Kilikuwa na pazia. Mwenye nyumba aliingia anapotaka. Alinikuta nikioga, nikila, nikigombana na babu yako, na kwenye ugomvi alichangia. Miaka tisa sikuwahi kusikia mtu akinipigia hodi. Nikaapa siku nikipata kwangu, kitu cha kwanza ni mlango.

Manispaa wakagawa viwanja nyuma ya kiwanda. Sharti moja: ndani ya siku thelathini uwe umeanza kujenga, la sivyo kiwanja kinarudi. Babu yako akasema hahamii porini na fisi. Akasema niache upuuzi. Mimi nikachukua akiba yangu yote nikanunua mlango. Haikubaki hata ya tofali moja. Seremala akanionea huruma akanipa na fremu. Nikaja nao kwenye mkokoteni, nikachimba mashimo mawili, nikausimamisha. Katikati ya majani. Mlango peke yake, na kitasa, na ufunguo shingoni mwangu. Nyuma yake nikaweka mkeka, sufuria na turubai.

Mkaguzi alikuja siku ya ishirini na nane. Akauzunguka. Akasema, "Mama, umeanza kujenga?" Nikamwambia, "Kwani huoni mlango?" Akasema nyumba haianzi na mlango. Nikamwuliza imeandikwa wapi. Akatafuta kwenye makaratasi yake, hakuona. Akaandika "ujenzi unaendelea".

Babu yako alivumilia mjini wiki tatu. Kisha akaja, ameshika begi. Basi lilikuwa limesimama pale na abiria wote dirishani. Akaja moja kwa moja akazunguka pembeni ya mlango. Nikamwambia, "Mwenye adabu anapita mlangoni." Akasema, "Mke wangu, hakuna ukuta!" Nikamwambia, "Mlango upo. Rudi upige hodi." Akatazama basi, akanitazama. Akarudi mbele, akapiga hodi. Nikamwuliza nani. Akasema mumeo. Nikamwuliza yule aliyesema ni upuuzi, au mwingine? Basi zima likacheka. Dereva akazima injini ili asikie vizuri. Alipiga hodi tatu na akaomba msamaha mara mbili ndipo nikafungua. Tangu siku hiyo makondakta wakasema "Mlangoni, wa Mlangoni washuke".

Na yule wa mbele kabisa aliyechungulia dirishani alikuwa Mshona Viatu.

Kuta tulijenga baadaye, pamoja, na babu yako alifanya kazi kama punda, hilo nakuapia. Ndiyo maana nilimwachia hadithi ya panga. Mtu akikupigia hodi tatu mbele ya basi zima, unamsitiri maisha yake yote. Mke mwenzangu, siwezi kusaini maneno haya yakasomwa mkutanoni. Wapaite Neema Mpya, wapaite chochote. Mlango nakusamehe. Ulifanya kazi niliyoununulia: ulikupa mahali.

Bibi yako

*

8 Machi

Kwa Kamati ya Jina,

Mimi ni babu wa katibu wenu. Mke wangu anadhani nikilala mchana nalala. Barua yake niliisoma kabla hajaifunga, na yako pia mjukuu wangu, nilisoma niliposikia kicheko, kwa maana katika nyumba hii mtu hacheki bila sababu.

Ninaandika kwa akili timamu na kwa mkono wangu, goti tu ndilo bovu.

Mkazi wa kwanza wa eneo hilo ni mke wangu. Alitangulia siku ishirini na moja. Alisimamisha mlango bila nyumba na mimi nikamcheka, kisha nikaja nikapiga hodi mara tatu. Si kweli kwamba niliomba msamaha mara mbili. Niliomba mara nne, dereva atakuwa shahidi kama bado yupo.

Chui ninamfuta. Alikuwa mbuzi. Na mimi ndiye niliyeondoka.

Kwa miaka arobaini nimekula heshima isiyo yangu na ilikuwa tamu, sikatai. Lakini nimeambiwa kuna mtoto ambaye hana mahali pa kuzaliwa kwa sababu ya mbuzi wangu. Huyo ni kitukuu changu. Mji wote na uitwe Mlangoni, na anayetaka kucheka acheke sasa mkutanoni, atanyamaza nikija.

Nimesaini hapa chini, na mke wangu amesaini. Nilimpa karatasi. Alisoma, akachukua kalamu, akasaini. Kisha akaniongezea nyama kwenye sahani, jambo ambalo daktari alikataza.

Babu wa Katibu
Bibi wa Katibu, mkazi wa kwanza

*

18 Machi

Bibi yangu, babu yangu, shikamooni.

Nilisoma barua ya babu mkutanoni. Nilipofika kwenye mbuzi Mshona Viatu alivua kofia. Hakucheka. Akasema tu, "Ni nne, ni kweli, nilihesabu." Kumbe alikuwa amekusitiri miaka yote hiyo, babu, isipokuwa juzi alipozidiwa.

Mwenyekiti alijaribu kidogo. Akasema Mlangoni halina hadhi, watu watauliza mlangoni pa nani. Mkewe akamwambia mbele ya wote, "Wewe siku ile mwanamke anazaa ulikuwa upande gani wa mlango?" Akakaa. Mwenye Duka akasema yeye anakubali, kwa kuwa aliubeba mlango huo na mgongo bado unauma, na leo asubuhi nimeona ameshapaka rangi: Duka la Neema, Mlangoni.

Tulipeleka fomu na yule karani akaisoma yote akiwa amesimama. Akamwita mwenzake akasome. Wakaiita ofisi nzima. Mimi nimesimama pale na mtoto mgongoni, maziwa yananitoka, naogopa watasema ni mzaha. Akagonga muhuri. Kisha akafungua lile daftari lake, akaniuliza tena, kwa sauti ya kazi, "Amezaliwa wapi?"

Nikasema, "Mlangoni."

Akaandika. Bibi, ni jibu la kweli kuliko yote niliyowahi kutoa katika ofisi ya serikali. Cheti ninacho, nimekiweka kwenye bahasha ndani ya sanduku la nguo, na kila nikipita nalifungua nakiangalia.

Mume wangu amenunua bawaba mpya, na Jumamosi hii ilikuwa Jumamosi kweli. Mlango umerudi mahali pake. Nimeupaka mafuta mwenyewe, mara mbili, mtoto akiwa ameamka ananitazama. Pana doa moja halitoki, pale katikati. Nimesugua, kisha nikaacha kusugua. Na geti mume wangu amelibomoa, analipanua. Safari hii nimeshika mimi futi.

Pazia nimelishusha. Dada mtu anajifungia nje anapiga hodi kutwa nzima, nikiuliza nani anajibu "chui".

Mjomba anasema atawaleta Pasaka. Njooni. Babu, ukifika usipite uani hata kama goti linauma. Pita mbele, upige hodi. Mara moja tu inatosha, nitafungua.

Mjukuu wenu,
Mama Wawili
Mlangoni